Mwali wa Stoo ya Vifurushi

Kuku ndiye aliyeanza. Alikuwa tembe mwekundu wa Mwatumu, mroho, mwenye tabia ya kuingia kila chumba kilichoachwa wazi, na siku hiyo aliingia stoo ya vifurushi akifuata punje za mchele wa pilau. Kuingia aliingia vizuri. Kutoka ndiko kulikomshinda. Mwatumu alimfukuza kwa ncha ya kanga, kuku akakimbia hadi kwenye kizingiti, akasimama ghafla mguu mmoja juu, akageuka na kurudi ndani. Akafukuzwa tena, akarudi tena. Mwishowe alijichimbia chini ya kitanda cha mwali, akajikunyata huko, mdomo wazi, akihema.

"Naye kataka kuwekwa ndani," Bi Chiku alicheka. "Mtafutieni jogoo, mwisho harusi iwe mbili."

Samiha naye alicheka, pale kitandani, mwili mzima umepakwa msio wa liwa. Yeye ndiye mwali, binti wa Mwatumu. Ijumaa ile angeolewa na Hafidh, kijana mwenye duka la vipuri vya baiskeli huko Pangani, na kama ilivyo desturi yetu ya pwani, alikuwa amewekwa ndani jua lisimwone, asinguliwe, afukizwe, afundwe. Bi Chiku ndiye aliyekuwa somo yake, yaani kungwi wa kumfunda. Hata haja aliwekewa ndoo, maana mwali hatoki mpaka siku yake.

Nyumba yao haikuwa nyumba ya kawaida. Ilikuwa stesheni ya reli ya Kwamzungwe, iliyofungwa miaka mingi nyuma, na chumba chenye ubaridi kuliko vyote ni hiyo stoo ya vifurushi. Kuta zake ni za mawe, nene, mlango wa chuma, dirisha moja dogo juu lenye nondo. Baba mtu alikuwa Tanga mjini kununua mitumba, basi wanawake wakaamua wenyewe. Walifagia, wakatandika mkeka mpya, wakaingiza kitanda. Kosa lilifanyika hapo, na lilifanywa kwa mapenzi matupu.

Zubeiri, huyo baba mtu, alirudi kesho yake na marobota mawili ya mitumba. Alikuwa mkuu wa stesheni ile zamani, na ingawa shirika lilishampunguza kazi, watu waliendelea kumwita Masta, naye aliendelea kuitika. Alishuka kwenye lori anatabasamu. Halafu akasikia udi.

"Mtoto mmemweka wapi?"

"Stoo," Mwatumu akamjibu. "Kwani vipi, Baba Samiha? Huku kwingine ni tanuri."

Masta alikaa juu ya robota. Alipoulizwa ana nini, alisema ni joto la njiani. Hakusema lolote jingine, na mimi ninayewasimulia namlaumu kwa hilo mpaka leo, maana siku ile ilikuwa bado mapema.

Kwamzungwe ilijengwa na Wajerumani, kwa jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanataka reli. Ukaja wakati wake wa kuneemeka. Mkonge ulipakiwa hapa mchana kutwa, machungwa yalijaa jukwaani, na treni ya abiria ikisimama wanawake walikimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha na mihogo. Ndipo ikaja ile miaka ya shida, miaka ya foleni, sabuni inakatwa kwa uzi na sukari unaisikia kwa jirani. Kifurushi cha doti mbili za kanga kikawa mali ya kumfanya mtu aote. Stoo ya Kwamzungwe ikaanza kuibiwa. Wakati huo huo kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na mkuu wa stesheni aliyepotelewa na mzigo hakuhitaji kesi ndefu ili aingie ndani.

Masta aliogopa, na hapo simlaumu. Alikwenda Makorora, Tanga mjini, kwa mganga wa Kipemba, Maalim Massoud, akamleta Kwamzungwe mchana, watu wameelekea shambani. Maalim alichimba chini ya kizingiti cha stoo akafukia fingo, yaani chungu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheusi, na ndani ya chungu hicho alikuwa jini. Kazi yake ilikuwa moja. Kinachoingia kwa mlango huu kuwekwa au kuiba hakitoki, ila kwa mkono wa kulia wa Masta; mwenye kuingia na kutoka kwa shughuli tu hamgusi.

"Huyu si wa kufuga," Maalim alimwambia. "Huyu kibarua. Nimemwahidi kwa ulimi wako weye, siku treni ya mwisho itakapopita utamfukua, umpeleke baharini, umwambie ahsante. Usimdhulumu."

"Wallahi," alisema Masta.

Tangu siku hiyo hakikupotea hata kipande cha sabuni. Mwizi mmoja alikutwa asubuhi amekaa katikati ya stoo, macho yamemtoka, anasema mlango hauoni. Masta akasifiwa. Mgeuza njia wake wa reli, Mbondei mmoja aliyeitwa Ernesti, aliyeshuhudia lile shimo likichimbwa, alimwonya zaidi ya mara moja kwamba kiapo ni kiapo, lakini Ernesti alikufa kwa homa na maonyo yake yakazikwa naye.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ikawa ruksa. Malori yakaja, mabasi yakaja, maduka yakajaa, na treni zikapungua mpaka ikapita ya mwisho, ikipiga honi ndefu ambayo wazee wa Kwamzungwe bado wanaiiga wakitaka kuwachekesha watoto. Wafanyakazi walipunguzwa wote. Masta alikabidhiwa jengo alilinde, akahamia humo na mkewe na binti yake, akaanza biashara ya mitumba. Mitumba inataka stoo, na stoo inataka mlinzi. Masta alimtazama mlinzi aliyekuwa naye, asiyelala na asiyedai mshahara, akaona kumfukua ni ujinga. Kila mtu alipunguzwa kazi pale stesheni, isipokuwa yule aliyekuwa akingoja kupunguzwa.

Watu walimcheka kwa kubeba marobota yake mwenyewe. Walidhani ni bahili, hataki kulipa kuli. Kumbe ilikuwa lazima kila robota litoke kwa mkono wake wa kulia.

Kwa hiyo siku ile aliyokaa juu ya robota, hesabu yake ilikuwa rahisi. Ijumaa atamshika mwanawe mkono, mkono wa kulia, amtoe, na hakuna atakayejua. Ila alitaka ajaribu kwanza. Alingoja wanawake waende jikoni, akainama chini ya kitanda, Samiha akiwa amelala, akamkamata yule kuku.

"Toka kwa mkono wangu," alinong'ona, kama alivyozoea.

Alivuka kizingiti. Kuku alitikisika mara moja. Alipomtazama, shingo ilikuwa imelala upande na macho yamefunikwa ukungu mweupe, na mwili ule uliokuwa na joto sasa hivi ulikuwa wa baridi kama uliotoka kisimani. Masta alimtupa mtaroni, akawaambia wanawake ni nguchiro aliyemuua. Usiku ule hakula. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote, kibarua alikuwa amekataa amri.

Harufu ndiyo iliyofuata. Bi Chiku alilalamika kwamba msio wake unanuka. Alitupa ule, akasaga mwingine, nao ukanuka: moshi wa makaa, mkonge uliooza, grisi. Udi ulipofukizwa, moshi ulikwenda mpaka mlangoni ukasimama pale wima, hautoki, ukarudi chumbani polepole ukashuka juu ya kitanda. Mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo wazee hutukataza kuzurura, mlio ulisikika ndani ya stoo kama mtu anaburuta gunia kwenye sakafu, anapumzika, anaburuta tena. Mwatumu alifungua akakuta binti yake amelala peke yake.

Samiha alipoamka alikuwa analia.

"Mama, kuna mtu alinibeba."

"Ndoto, mwanangu."

"Si ndoto. Alininyanyua akaniweka kwenye kitu cha chuma, cha baridi, kikawa kinacheza chini yangu kama mizani. Akanipapasa kichwani mpaka miguuni, lakini hakunipapasa kama mtu, Mama, alinipapasa kama mzigo. Kisha akanifunga. Tazama."

Kwenye kifundo cha mguu wake, juu ya hina mbichi ambayo haikuwa imechafuka hata kidogo, kulikuwa na kamba ya katani. Mwatumu alijaribu kuifungua akashindwa. Alimwita mumewe, na Masta aliposimama mlangoni akaliona lile fundo, fundo la kuzunguka mara mbili na kurudi chini, alilijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Lilikuwa fundo lake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyofunga vifurushi maisha yake yote.

"Kata," alisema. "Leta kisu ukate."

Kisu kiliikata. Mwatumu akaenda jikoni kumchotea mtoto uji, na kwa kuwa alishaanza kukiogopa chumba kile, hakuingia ndani, alimpa kikombe palepale mlangoni. Samiha alinyoosha mkono kukipokea. Vidole vilipovuka kizingiti vilibadilika rangi, vikawa vya jivu, kisha kiganja, kisha kiwiko, na yule binti akatoa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia hata siku alipomzaa, akaurudisha mkono ndani, na mkono ukapata rangi tena taratibu, kidole baada ya kidole. Kikombe kilianguka nje. Uji ulitambaa kuelekea kizingiti, ukakivuka, ukaingia ndani, na haukurudi.

Mwatumu alimvuta mumewe hadi nyuma ya tangi la maji.

"Zubeiri." Hakumwita Baba Samiha. "Nini kimo mle ndani?"

Alimwambia. Alimwambia kwa kunong'ona, macho chini, na alipokuwa anamaliza Mwatumu alikuwa ameshavaa buibui.

"Miaka yote hii umetulaza na jini lenye kisasi kwa ajili ya mashati ya Wazungu waliokufa," alisema. "Naenda Makorora. Na weye kaa na mwanao."

Maalim Massoud alikuwa ameshafariki, lakini uganga wake aliurithi binti yake, Bi Mize, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo. Walifika Alhamisi baada ya alasiri. Bi Mize hakuingia moja kwa moja. Alichuchumaa mbele ya kizingiti, akaweka kiganja juu yake, akakitoa upesi.

"Kachoka huyu," alisema. "Na kakasirika. Masta, nisikilize vizuri. N'takapompandisha atauliza jambo moja tu, nani kamfunga na nani kamwahidi. Weye utasema mie. Basi. Usipambe, usijitetee. Ntu aliyedhulumiwa anataka kulisikia kwa mdomo wa aliyemdhulumu."

"Na nikishasema?"

"Atataka kitu kwako. Pengine miguu yako, pengine macho yako, pengine atakuweka mle ndani kwa muda kama ulivyomweka yeye. Lakini mwanao atatoka."

Masta alitikisa kichwa kukubali. Nataka kuamini kwamba dakika ile alikuwa anakubali kweli.

Bi Mize aliweka chano: mayai mabichi, halua, kahawa chungu, marashi. Alichoma ubani, Bi Chiku na Mwatumu wakaketi pembeni ya kitanda, Masta kwenye mkeka karibu na mlango. Bi Mize alianza kusoma, kwanza polepole, halafu mbio, na Samiha ambaye alikuwa ameketi katikati akiwa amefunikwa shuka jeupe akaanza kuyumba, kushoto na kulia, kwa mwendo ule ule wa abiria ndani ya behewa, na sakafu nayo ikaanza kutetemeka kwa mbali kama treni inakuja, treni ambayo reli yake ilishang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, ikaja, ikakaribia, vikombe vya kahawa vikagongana kwenye chano, chokaa ikawa inadondoka darini juu ya mabega yao, harufu ya makaa ikajaa mpaka Bi Chiku akawa anakohoa na kuomba Mungu kwa pamoja, na mtetemo ule ulipofika chini yao kabisa, pale ambapo masikio yote yalingoja kelele, ukakatika, kukawa kimya, na shuka jeupe likakaa wima.

"Nani kanifunga?"

Ilikuwa sauti ya Samiha. Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

"Nani kanifunga, na nani kaniahidi? Nilihesabu treni. Niliisikia ya mwisho ikipiga honi. Nilisimama mlangoni, nimejitayarisha, kama kibarua aliyemaliza kazi yake. Nikangoja jembe. Nikasikia mashuka yanaletwa, viatu vinaletwa, sweta za watu wa baridi zinaletwa, na mtu juu yangu anacheka. Nani?"

Bi Mize alimtazama Masta. Mwatumu alimtazama Masta. Kichwa kilichofunikwa kiligeuka polepole nacho kikamwelekea yeye.

Masta alifungua mdomo. Aliona miguu yake, aliona macho yake, alijiona amekaa mle ndani gizani anahesabu. Aliwaza pia, na hili alikuja kumkiri mkewe baadaye, kwamba Bi Chiku ana mdomo, na kesho yake wakwe wa Pangani wote wangejua.

"Ernesti," alisema. "Mgeuza njia. Yeye ndiye aliyemleta mganga. Mie sikujua kitu mpaka amekufa."

Bi Mize alifumba macho.

Chini ya shuka kukatoka kicheko kidogo, chenye adabu, cha mwali mbele ya wageni.

"Ernesti," ile sauti ikarudia. "Haya. Kama ni Ernesti, yamekwisha. Maiti hadaiwi. Nifukueni, nami natoka."

Samiha alianguka kifudifudi. Bi Mize alichimba mwenyewe, kimyakimya, uso umekunjamana. Chungu kilikuwa pale pale, lakini kitambaa chake kilikuwa kimefunguliwa kwa ndani na chungu chenyewe kitupu. Walimwinua binti. Alifumbua macho, akatabasamu, akamshika mama yake bega na kuvuka kizingiti kwa miguu yake, na hakupata hata ganzi. Bi Chiku alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mwatumu alilia kwa furaha. Masta alikwenda nyuma ya jengo akasujudu.

"Bi Mize, mbona hukunywa hata chai?" Mwatumu alimuuliza alipokuwa anamsindikiza barabarani.

"Yule kibarua hakutaka kitu," Bi Mize alisema. "Miaka yote hiyo, na hakutaka kitu. Sijapata kuona." Akapanda gari lake.

Ijumaa harusi ilifana. Hafidh alikuja na watu wake baada ya alasiri, gari mbili na ngoma. Mwali alitolewa amefunikwa, ananukia udi na asumini, hina imemkolea kuliko mwali yeyote aliyepata kutoka Kwamzungwe. Wanawake walisubiri alie wakati wa kumuaga mama yake, maana mwali asiyelia husemwa. Hakulia. Alimbusu Mwatumu mkono, akampa baba yake mkono wa kulia, akaupandisha na kuushusha kidogo, mara mbili, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Gari zikaondoka na nyimbo zao.

Stesheni ikabaki kimya. Mwatumu alikuwa anakusanya masahani, Masta anakunja mikeka jukwaani, jua bado lipo. Ndipo mlango wa stoo ukagongwa, kutoka ndani, kwa vidole, taratibu.

"Baba."

Sahani zilianguka.

"Baba, nifungulie. Nimelala muda mrefu, hakuna aliyeniamsha. Mama, mbona nasikia magari yameondoka? Wamemchukua nani?"

Mlango haukuwa umefungwa. Masta aliusukuma, ukafunguka hadi ukutani, akaingia anapapasa kuta, kitanda, hewa, anamwita jina, na ndani hamkuwa na mtu, ila sauti ilikuwa mle, mbele yake, kimo cha binti aliyesimama, inamwambia baba niko hapa, mbona unanipita, mbona hunishiki. Mwatumu alikimbia barabarani kanga mkononi. Akalikimbilia vumbi la magari ya harusi mpaka likatulia.

Bi Mize alipoitwa tena alikaa kwenye kizingiti bila kufungua mkoba.

"Ulimdanganya, akakudanganya," alisema. "Alotoka ni yeye. Alobaki ni wako. Kuna neno moja linaloweza kumlazimu, lile lile la kusema ni mie, na aambiwe yeye mwenyewe."

Ilimchukua Masta miezi kadhaa kupata ujasiri wa kusafiri hadi Pangani. Alikuta nyumba safi, maji yamejaa mtungini, mkwewe Hafidh anamsifu mkewe mbele ya majirani, haumwi, hachoki, hagombi, na tumbo limeanza kuonekana. Yule mwanamke alitoka jikoni, akapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia. Alimwangukia miguuni, mbele ya mkwewe na majirani, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Ni mie. Ni mie niliyekufunga na ni mie niliyekuahidi, nikakudhulumu, nikadanganya. Chukua miguu, chukua macho, nirudishie mwanangu."

Watu walitazamana. Hafidh alimwinua kwa huruma, anamfuta vumbi, anasema mzee amechoka na safari. Mwanamke alimletea maji kwa mikono miwili, na alipoinama kumpa, alimnong'oneza kwa upole sana.

"Sikuelewi, Baba. Hayo labda anayajua Ernesti. Kamuulize yeye."

Kisha akasimama, akawaambia majirani kwamba baba yake hajakuwa sawa tangu treni ziishe, na wote wakamwonea imani. Walimpandisha basi la jioni. Masta hakubishana nao, maana huko Kwamzungwe kulikuwa na mtu anayemngoja stoo, na mtu huyo alishaanza kuogopa giza.